Mukwe Anakufa

Wanaoandika habari za ujana wao huanza na kijiji cha babu na jina la mkunga. Mimi nitawaruka wote hao, wanisamehe, niende moja kwa moja kwenye kiti. Kilikuwa kiti cha plastiki, cheupe hapo zamani, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mjomba wangu Seif, katika mtaa wa Asiatique, na kwa mwaka mmoja kilikuwa changu. Wiki iliyopita Shabani alinipigia simu nikiwa jikoni nakaanga ndagala, dagaa wa kwetu. Shabani hajui kutoa habari mbaya. Aliniuliza hali ya mvua, akauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, akauliza hata paka, hadi nikajua kuna mtu amekufa. "Ni kaka Nasoro," akasema mwishoni. "Ametutangulia, Zaina. Jana alasiri." Nikasema innalillahi, nikazima jiko, nikakaa chini. Kisha, Mungu anisamehe, nikacheka, kwa sababu kilichonijia kwanza hakikuwa sura yake bali sauti yake ikipiga kelele kutoka juu ya paa lililokuwa ndani ya kompyuta: "Dawa! Dawa, mudogo yangu, mi nakufa!" Yule mtu alikufa mbele yangu mara nyingi sana, na kila mara alilalamika.

Ulikuwa mwaka wa kungoja. Nilikuwa nimemaliza sekondari, matokeo ya mtihani yalikuwa yanatoka kesho kila siku, na soko kuu lilikuwa bado halijaungua. Mjomba Seif, ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka Omani na ambaye hakuwahi kurudisha bidhaa maishani mwake, alikuwa amenunua kompyuta kumi na mbili kutoka ofisi moja iliyofungwa kule Rohero, akiamini wafanyabiashara watakuja kuandika barua. Hakuja hata mmoja. Walikuja vijana kucheza vita. Mjomba alisononeka siku mbili tatu, kisha akaona chumba kimejaa, akanyamaza. Alikata kitenge chenye picha za tausi akakitundika katikati, kompyuta sita huku, sita kule, ili timu zisichunguliane. Chumba kilinuka wanga wa vitambaa vipya, petroli ya jenereta, na sambusa za Mama Rukia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kusimama mlangoni, kupanga zamu na kuwaambia watu wasitukane.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuuacha. Watu sita upande huu, sita upande ule, katikati daraja, na juu ya daraja kuna duara. Wanaokaa ndani ya duara mpaka mstari ulio juu ya kioo ujae, hao wameshinda. Kabla ya kuanza kila mmoja anachagua kazi. Kuna mnene tuliyemwita Gros, mzito, mwenye bunduki kubwa, anayetembea polepole. Kuna fundi anayejenga kuta. Kuna wenye mbio. Kuna snaipa, anayekaa mbali juu ya paa na kupiga risasi moja moja. Na kuna mganga, ambaye hana silaha ya maana. Ana mpira wa dawa kama ule wa kumwagilia bustani, anamwelekezea mwenzake aliyeumia, mmoja tu kwa wakati, na uhai wake unapanda. Siri yote iko hapo: Gros aingie duarani, mganga amsimamie mgongoni, wengine wawalinde hao wawili. Gros mwenye mganga ni ukuta. Gros asiye na mganga ni mshikaki.

Sisi tulikuwa na masnaipa watano. Nasoro, fundi magari wa Buyenzi, mtu aliyepita miaka thelathini na mwenye mke na watoto, alikuwa snaipa kwa haki ya umri. Shabani, aliyefanya naye kazi gereji moja, alikuwa snaipa kwa hasira. "Mi nashinda na spana mu mukono tangu asubuyi," alisema, "halafu nakuja hapa kupumuzika, munaniambia niwe fundi tena? Apana. Apana kabisa!" Hasani na Huseini, mapacha wauza viatu, walikuwa masnaipa kwa sababu kila mmoja aliogopa mwenzake asiwe kitu ambacho yeye siye. Hata Idi, kijana mwembamba wa cherehani, mdogo kuliko wote isipokuwa mimi, alikuwa snaipa. Wa sita alikuwa mtu yeyote aliyepita njia. Ungewaona wamepanda paa moja, wamebanana, wanasukumana viwiko, na kule chini adui anaingia duarani bila hata kukimbia. Baada ya kupigwa sana walikubali kugawana kazi, na mgawo ukafuata umri. Nasoro akabaki paani. Idi akafanywa Gros, kwa kuwa mdogo ndiye hutumwa penye moto. Mapacha wakapewa mbio. Shabani alikubali kujenga kuta kwa sharti moja, kwamba asiitwe fundi, aitwe ingénieur, yaani mhandisi, na mpaka leo kwenye simu yangu ameandikwa Ingénieur Shabani.

Mimi niliingia siku ambayo mpita njia hakupita. Nasoro alikwenda mbele dukani akamwomba Mjomba anikubalie nikae. "Mutoto mwanamuke katikati ya mafundi?" Mjomba akashangaa. "Hajji," akasema Nasoro, "uyu ni mudogo yangu. Mutu akimukosea adabu, mi namufungula boulons zote, nati kwa nati." Mjomba alifikiri. Nasoro ndiye mtu pekee aliyejua kuisemesha jenereta yetu, na alikuwa mtu wa swala tano. "Sawa," akasema. "Nasoro akiwa mule ndani, Zaina anakaa. Nasoro akikosa, Zaina anarudi nyumba kuchagua muchele." Ndivyo kiti changu kilivyofungwa kwenye shati la Nasoro. Alikuja Jumamosi alasiri tu, siku ya nusu kazi, basi wiki yangu nzima ilikuwa Jumamosi moja yenye siku sita za kuchagua mchele mbele yake. Kazi ya mganga nilipewa bila kuulizwa, kwa kuwa nilikuwa mwanamke. Sikuteta. Ningeambiwa niwe mlango wa daraja ningekubali, mradi nikae.

Nilikuwa mganga mbaya, na ubaya wangu ulitokana na malezi mema. Kwetu sahani huanzia kwa mkubwa. Humpi mtoto maji mtu mzima akiwa na kiu, na huhitaji kufikiri, mkono wenyewe unajua njia. Basi wakiumia wawili, mkono wangu ulikwenda kwa Nasoro kwanza, kisha kwa Shabani, kisha kwa Hasani, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kisha Huseini, na mwisho kabisa Idi, endapo alikuwa bado hai, na hakuwa. Nasoro naye hakujua kuumia kimya. Risasi ikipita jirani na kofia yake alitaka dawa. Nilipanda ngazi zote kumfuata paani, nikamtibu mkwaruzo, yeye akasema, "Asante mudogo, Mungu akuongezee," nami nikajibu, "Amina, kaka," tukapeana heshima zote, na huku chini Idi amelala duarani kifudifudi.

Tuliishi hivyo kwa raha mpaka walipokuja watoto wa Kinanira, mtaa wa wenye nacho. Hao nyumbani walikuwa na kompyuta zao, kila mtu ya kwake, lakini kompyuta moja moja hazifanyi vita vya sita kwa sita, kwa hiyo walishuka mjini. Walikuwa na adabu iliyotuudhi. Walisema pardon wakikanyaga waya. Walivaa vifaa vya masikioni na kuzungumza kwa sauti ya watu walio maktaba, na walitupiga mchana ule mara tatu mfululizo. Mkubwa wao, Thierry, alimwendea Mjomba akamwambia kwa upole kwamba hata wao wangependa Jumamosi alasiri iwe yao, na kwa kuwa alasiri ni moja na timu ni mbili, je, si vyema mechi iamue? Mjomba alipenda vijana wasiopiga kelele. Akasema Jumamosi ya tatu kutoka hiyo, atakayeshinda atachukua alasiri zote. Wenzangu walilalamikia mchezo wao. Mimi nilimwona Nasoro asiye na Jumamosi, nikaona kiti, nikaona mchele.

Wakati wenzangu wanagombana nani aliyeharibu, nilikuwa nimebaki karibu na pazia la tausi, nikawasikia wale wa upande wa pili wakicheka kwa Kifaransa chao cha chini kwa chini. "Yule wa paani musimuue," Thierry alikuwa anawaambia wenzake. "Mukwaruzeni tu. Ukimukwaruza kidogo, dawa yao yote inapanda juu kwake, na Gros anabaki yatima." Nilisimama pale nimeshika pindo la kitenge. Walikuwa wameisoma heshima yangu, wakaigeuza silaha yao.

Nilimweleza Shabani peke yake. Alikuna kidevu. "We ukimwambia kaka Nasoro asikuite, atanyamaza," akasema. "Na akinyamaza, harudi." Nilijua ni kweli. Nasoro hakuwa mtu wa ugomvi. Ukimkosea aliinuka, akakuaga vizuri, na humwoni tena. Jirani yake mmoja alikuwa amemkatiza neno msikitini, wakasalimiana kwa kichwa mwaka mzima. Basi nikimtibu Nasoro tunashindwa, na kiti kinakwenda. Nisipomtibu ananuna, na kiti kinakwenda vilevile. Nilianza kuangalia mchele wa nyumbani kwa macho ya mtu anayezoea kaburi lake.

Jawabu lilikuja Jumamosi iliyofuata tukiwa tunakula. Tulikuwa tumetandika mkeka dukani, kati ya majora ya vitambaa, na Mama Rukia alikuwa ametuletea sambusa na birika la chai ya tangawizi. Mjomba alikuwa na sambusa njiani kuelekea mdomoni alipoingia baba mkwe wa binti yake, mzee mfupi mwenye kikohozi, aliyekuja kutafuta kitambaa cha shati. Jamani. Mjomba, ambaye hakuwahi kumwinukia mteja wala mpokea kodi, aliruka. Alificha sambusa mfukoni, mafuta na yote, akatafuta kofia, akatoa kiti chake, akafuta kiti, akasimama pembeni amekunja mikono. Shabani aliangalia mambo hayo mpaka mwisho bila kutafuna. Mzee alipotoka, Shabani akasema, "Tumupate mukwe."

Hatukumwelewa. "Idi," akasema. "Tangu leo Idi ni baba mukwe ya Zaina. Zaina anaolewa na mutoto wake." Idi, ambaye hakuwa na mtoto wala mke wala ndevu, alipaliwa na chai. Nasoro aliangalia dari, kisha akauliza kwa uzito wa mwenye dada, "Na mahari?" Huo ndio mlango Shabani aliokuwa anaungoja. Alichukua sambusa mbili kutoka kwa Idi, akaziweka kwenye kisahani, akazisogeza mbele ya Nasoro. "Mahari iyo, kaka. We ndo unaipokea, bibi-arusi ni mudogo yako." Nasoro alizitazama. Alikuwa mtu wa mzaha wenye heshima, na alikuwa na njaa. Akasema bismillahi, akala ya kwanza, akala ya pili, akajipangusa vidole. "Bon," akasema. "Nimekula. Mukwe ni mukwe. Mbele yake ata mi nangoja." Wala hakujua, maskini, kwamba amekula paa lake.

Kilichofuata ni majuma mawili ya kichekesho. Idi alibadilika. Alikohoa kabla ya kuingia chumbani. Alikaa akiwa amepanua magoti. "Mukwe anaomba maji," alisema, na mimi nilimpelekea, na mapacha walimpisha njia. Shabani akakumbusha kwamba mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake, kwa hiyo hata vitani sikuruhusiwa kusema Idi, nikawa nasema Mukwe, na wengine wakafuata. Ajabu ni kwamba ilifanya kazi. Mkono wangu uliodanganywa na umri sasa ulidanganywa na ndoa. Gros alisimama duarani, nami nimesimama nyuma yake, nimeinamisha kichwa kidogo mbele ya kioo. Nasoro akikwaruzwa alifungua mdomo, akakumbuka sambusa, akaufunga. Alasiri moja Idi alizingirwa na watu wanne, mapacha wakapiga kelele kwa pamoja, "Mukwe anakufa! Zaina, mukwe anakufa!" Mama Rukia, ukutani kwake, akasikia. Aliingia mbio mikono kichwani, machozi tayari, kanga ya pili begani ya kumfunikia maiti, akatukuta sita tumekodoa macho na hakuna maiti. "Yuko wapi?" akalia. Shabani alimwonyesha kwenye kioo. Mama Rukia alimwangalia yule mnene wa kompyuta kwa makini. "Anatoka familia ya nani?" akauliza.

Siku ya mechi Mjomba mwenyewe alikaa mlangoni. Raundi ya kwanza tulishinda sisi, kwa kuwa walimkwaruza Nasoro mpaka wakachoka na dawa haikupanda. Ya pili walishinda wao. Walikuwa wamegundua, waliacha kukwaruza, wakaanza kumpiga Nasoro ili afe. Ya tatu ilikuwa ya mwisho. Mstari wetu juu ya kioo ulikuwa umebakiza sehemu ndogo kama ukucha. Mapacha walikuwa wamekufa, Shabani amekufa akitukana kuta zake mwenyewe. Idi alikuwa duarani anapigwa kutoka pande zote, nami mgongoni kwake namwagia dawa. Ndipo kule paani Nasoro akapigwa risasi ya kwanza, kisha ya pili, na nikasikia kiti chake kikilia, na sauti yake, si ile ya kelele. Ilikuwa ya chini, ya kweli kabisa. "Zaina," akasema. "Dawa, mudogo yangu. Nisaidie."

Hakusema kama snaipa. Alisema kama mtu aliyekwenda mbele dukani kuniombea kiti. Sambusa zile zilikuwa mchezo na undugu huu haukuwa mchezo, na mkono wangu ulikwisha kuanza kugeuka. Nakumbuka kitufe kilivyokuwa na joto chini ya kidole. Nilijua ni rahisi kusema ngoja kidogo kaka, nakuja kaka, maneno ambayo sote tunayo ya kumkatalia mkubwa bila kumkatalia. Niliyaacha. Nikasema, "Apana, kaka." Nilisema kwa sauti, na sikuongeza kitu. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu mzima neno hilo likiwa peke yake, na nililiogopa lilipotoka. Nasoro alianguka kutoka paani. Mstari ukajaa.

Wenzangu walirukaruka, Idi alisahau ukwe akapanda juu ya kiti. Mimi sikugeuka. Nilimsikia Nasoro akiinuka, akirudisha kiti chake mahali pake taratibu, akisema, "Bon. Machine imepata moto, niizime kidogo." Akatoka kwenda kwenye jenereta, kompyuta zote zikazimika, na hakurudi tena chumbani. Wale wa Kinanira walitupa mikono gizani, wakitupongeza mmoja mmoja, pardon, félicitations. Alasiri zilikuwa zetu. Nilichagua mchele wiki ile nzima, kilo zisizohitajika na mtu, na kila pikipiki iliyosimama nje ilinifanya nisimame. Jumamosi ilipofika watu wote walikuwa wamekaa, swala imekwisha zamani, na Mjomba alikuwa amekwisha kuniangalia mara mbili. Nikainuka nijitoe mwenyewe. Nasoro akaingia, mikono bado ina grisi, akatusalimu wote, akakaa kwenye kiti chake, akachagua snaipa. Hakusema neno juu ya lile jambo, siku ile wala nyingine, na alipiga vibaya kama kawaida yake. Matokeo ya mtihani yalipotoka niliondoka mjini, kompyuta zikauzwa, chumba kikarudia vitambaa.

Juzi nilikwenda Buyenzi kwenye matanga. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, na niliona Shabani mwenye mvi, na Idi, ambaye sasa ni mnene kweli. Ndani, mjane wa Nasoro, Mariamu, alinishika mkono nilipotaja jina langu, akawageukia wanawake waliojaa mkekani. "Ndo uyu!" akasema. "Ndo Zaina wa ile vita!" Kumbe Nasoro aliihadithia miaka yote, kwenye arusi, kwenye gereji, kwa kila mtoto aliyezaliwa mtaani. Mariamu aliisimulia kwa sauti ya marehemu, na mikono yake. "Alikuwa na risasi mbili mu kifua. Zaina anakuja mbio na dawa, analia. Yeye akamwambia: mudogo yangu, mi niache. Tibu mukwe." Wanawake wakasema masha'Allah. Mmoja alijifuta macho. Niliutafuta ukweli ndani ya mdomo wangu na niliupata, ulikuwa pale pale, mzima, neno moja lenye herufi tano. Kijana wa mwisho wa Nasoro, Yusufu, mwenye mabega ya baba yake, alikuwa ameleta chai akasimama mlangoni na sinia, akinitazama.

"Ni kweli, tanti?" akauliza. "Baba alisema ivo?"

"Alisema mara mbili," nikamwambia. "Ya kwanza mi sikusikia."